Chiriku Hayupo Kwenye Orodha

12 Januari

Dada,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila kutunza wazee wa watu ugenini hakuna Jumapili.

Ahsante kwa kumpokea binti yangu Chiriku nyumbani na darasani kwako. Shule tatu zilinikatalia: kiziwi hatumuwezi. Naomba tu akae mbele, auone mdomo wako. Mwaka huu ndio wa mtihani wa mwisho. Akifaulu, ile sekondari yenye walimu wa lugha ya alama itamchukua. Mwakani umri utakuwa umempita, hawampokei tena.

Mdogo wako

3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ndio huohuo, nimeuzoea. Wacha wasiwasi wewe! Chiriku anakaa mbele kabisa. Na jina mlimpatia kweli, mikono haitulii. Juzi nimemwadhibu kwa kupiga soga. Watoto themanini na wawili wote wameshajua alama zake, sasa wananisengenya mbele ya macho yangu.

Hesabu anawapita wengi. Habari ndefu bado zinamtoa jasho, na mwalimu mkuu amenuna, eti wastani wa shule utashuka. Nimemwambia huyu mtoto ni wa kwetu, apende asipende.

Dada yako

21 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mu wazima? Nimeandika mara mbili, kimya.

Chiriku ameniandikia kwamba siku ya mtihani alivaa sare yake, akaambiwa langoni jina lake halipo kwenye orodha. Anauliza amekosa nini. Jamani, dada, hilo kosa ni la nani? Nenda ofisi ya elimu ukapige kelele, wewe wanakujua.

Mdogo wako

9 Desemba

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukusalimu.

Halikuwa kosa. Mwezi wa saba mkuu aliniletea orodha ya watahiniwa, akasema wanne watatuangusha, watoke, la sivyo cheo cha mwalimu wa taaluma anapewa mwingine. Watatu aliwaondoa mwenyewe. Wa nne akanipa kalamu. Niliandika "amehama".

Cheo nimepata. Asubuhi ile ya mtihani alining'ang'ania gauni, akaniambia kwa mikono, "Mama mkubwa, waambie mimi ni wa hapa." Nikaingia ndani, nikafunga lango.

Nisamehe, ukiweza.

Dada yako

14 Januari

Dada,

Nimerudi. Nimemchukua mwanangu ukiwa kazini, na barua hii naiacha mezani kwako.

Leo asubuhi, wewe ukiwa darasani, nilikwenda naye ofisi ya shule kuuliza kama kuna njia yoyote. Hakuna. Karani alitufungulia daftari la watahiniwa. Chiriku akauona mstari wake, akautambua mwandiko, maana ndio uliomfundisha kusoma. Hakulia. Alinigeukia akaniuliza kwa mikono, "Nimehamia wapi?"

Swali hilo ni lako. Mwandikie wewe.

Mama Chiriku