Picha za Muthokoi Akiwa Hai

Jumatatu, 9 Machi

Nimefungua karakana mapema. Lango la kanisa bado halijaisha, zimebaki bawaba na rangi. Mbwa wangu Muthokoi alinifuata kama kawaida. Akagonga mguu wa meza ya chuma kwa pua, akarudi nyuma, akaugonga tena. Nilimwongoza kwa sauti mpaka kwenye gunia lake. Alianza kukoroma kabla sijawasha mashine.

Juzi daktari wa mifugo alimmulika macho kwa tochi. Amesema yamekwisha, hakuna dawa. Moyo mzima, masikio mazima, meno machache. Nikamuuliza atakaa muda gani. Akasema mbwa wa soko hawana haraka ya kufa. Nililipenda jibu hilo.

Mchana Mwende amepiga simu kutoka Syokimau. Binti yangu huyo, sina mwingine. Anakuja Jumapili na anataka tumfanyie Muthokoi sherehe. Nikacheka. Sherehe ya mbwa, hapa Kithimani. Yeye hakucheka. "Baba, sisi hungoja mtu afe ndio tutafute picha zake. Huyu tumpatie zake akiwa bado anatusikia."

Anataka ubao mmoja mkubwa, picha zote pamoja, utundikwe karakana. Yeye keki, mimi ubao. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali haraka hivyo.

Jumanne, 10 Machi

Shida ya kwanza: sina picha. Simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Mwende ana tatu, na katika mbili Muthokoi ni mkia tu.

Mbwa ambaye amelala miguuni pangu tangu Mwende akiwa shule ya msingi, na sina hata picha moja. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Nimekwenda kwa Kavata, msichana wa duka la kuchapisha. Alifungua kompyuta na kunionyesha mapambo aliyo nayo ya kupangia picha nyingi. Mishumaa. Njiwa. Mawingu na ngazi ya kwenda juu. Yote ni ya matanga. Nikamwambia mbwa wangu yuko hai, sasa hivi analala mlangoni kwangu. Akasema wateja wake wote huja kwa ajili ya marehemu, lakini anaweza kuondoa mishumaa. Aliiondoa. Mawingu yakabaki. Muthokoi juu ya mawingu.

Nimekataa. Yeye achapishe tu, kukata na kubandika nitajifanyia. Alinicheka, ila ana roho nzuri. Ameahidi kuuliza kwenye kundi la wafanyabiashara wa soko, wenye picha wazitume.

Jumatano, 11 Machi

Kipande cha plaiwudi nilikuwa nacho. Nimekipiga msasa mpaka kikawa laini kama ubao wa kukatia sukuma wiki. Fremu nitaifanya ya chuma chembamba. Hiyo ndiyo sehemu ninayoijua.

Kupanga picha ndiko sikujui. Nilichora mpango kwa chaki sakafuni. Visanduku sawasawa, mistari sawasawa. Ulifanana na picha za vitambulisho zilizosahauliwa ofisi ya chifu. Nikachora mwingine wa mviringo. Muthokoi akapita juu yake akaufuta kwa tumbo. Labda alikuwa na maoni.

Saa za chai akaja Mama Kanini wa hoteli. Mkononi sukari na majani ya chai. Alisimama mbele yangu, kichwa upande. Nikazima mashine.

"Pole, Fundi," akasema. "Alikuwa mbwa wa watu."

Muthokoi alikuwa nyuma ya lango la kanisa. Aliisikia sauti yake akatoka anatikisa mkia. Mama Kanini akakaa juu ya debe la rangi. Halafu akaitazama sukari yake, akanitazama mimi.

Kumbe Kavata aliandika kwenye kundi: tunaomba picha za kumkumbuka Muthokoi wa Fundi Nzioki. Akaweka na maua. Soko zima limesoma kwamba mbwa wangu amekufa.

Nimemfuata kwa hasira. Ameandika marekebisho. Hakuna anayesoma marekebisho.

Sukari nimeachiwa. Mama Kanini amesema pole ikishatoka nyumbani hairudi.

Alhamisi, 12 Machi

Wamekuja siku nzima. Vijana wa bodaboda walisimama mlangoni wamevua kofia za pikipiki. Akina mama wa kwaya walikuwa tayari wamechagua wimbo. Kila mara lazima nimwite Muthokoi atoke aonekane. Kufikia jioni amechoka kufufuka.

Kazi haijaenda popote. Lakini picha zimekuja.

Nimeshangaa. Nilidhani mbwa huyu hushinda na mimi. Kumbe ana maisha yake. Kuna moja ya harusi ya mwaka juzi, amelala juu ya gauni la bibi harusi, na bibi harusi anacheka. Kuna ya baraza la chifu: wazee kwenye viti, Muthokoi mbele yao kama katibu. Kuna ya mahafali, kijana na joho lake, mkono mmoja unashika cheti na mwingine unashika sikio la Muthokoi. Mama Kanini anayo ya jikoni kwake. Anasema kila adhuhuri mbwa wangu hula huko na huko anaitwa Askofu. Miaka yote hii nilifikiri hana hamu ya chakula kwa sababu ya uzee.

Nimeona wivu kidogo. Kisha nikaona fahari, kubwa kuliko wivu.

Kavata amezichapisha zote, nimezitandaza mezani. Nimeangalia mpaka nimeona pengo. Hakuna hata moja akiwa mdogo. Hakuna hata moja na Syokau.

Syokau mke wangu ndiye aliyemleta, ndiye aliyempa jina. Mweupe, madoa ya kahawia, kama chakula chetu cha muthokoi, maharagwe kwenye mahindi yaliyokobolewa. "Huyu ni muthokoi mtupu," alisema, na jina likakaa. Syokau alifariki Mwende akiwa kidato cha tatu. Ubao wa mbwa huyu bila yeye ni uongo.

Na najua picha iko wapi. Iko kwa Mutiso wa bucha.

Siendi.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua ndogo asubuhi. Nimekata picha. Mkasi si wa mikono yangu, ila nimeuzoea.

Niandike jambo la Mutiso, maana limenizunguka kichwani tangu jana. Muthokoi alizaliwa na mbwa wake. Siku Syokau alipokwenda kumchukua, Mutiso alikuwa na mpiga picha bucha, anapigwa picha kando ya mizani mpya. Akamwambia mpiga picha ampige Syokau pia, na mtoto wa mbwa mkononi. Picha ikakaa ukutani bucha miaka, karibu na mizani. Tulikuwa marafiki. Alibeba jeneza la Syokau pamoja nami.

Halafu Krismasi moja Muthokoi akaingia bucha akatoka na paja zima la mbuzi. Paja la mteja, limeshalipiwa. Mutiso akarusha jiwe. Mguu wa nyuma ukavunjika. Nilikwenda pale mbele ya wateja nikamwambia maneno ambayo hata leo sijayajutia. Kesho yake picha haikuwa ukutani. Tangu hapo nyama nanunua ng'ambo ya barabara, ikiwa ngumu natafuna tu. Muthokoi anachechemea.

Mwende amenipigia. Ameniambia niende. Nimemwambia hapana. Akasema haya, vile mama yake alivyokuwa akisema.

Nimejaribu kuweka picha ya harusi katikati ya ubao. Haikai. Nimejaribu ya Askofu jikoni. Haikai. Alasiri nikaenda. Nilifika mpaka mlango wa bucha. Mutiso alikuwa anakata mifupa, mgongo kwangu. Amezeeka mgongo. Nikageuka nikarudi.

Nimeikasirikia miguu yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo imetokea. Naandika yote.

Fremu niliichomelea asubuhi, nikaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango la kanisa. Pasta atasamehe. Mpango nao nimeupata. Nimeacha visanduku. Nimezipanga kama watu wanavyosimama sokoni, wengine wamekaribiana, wengine pembeni, na katika kila moja madoa ya Muthokoi yanaonekana mahali. Uzuri wake ukanishtua. Katikati peupe.

Nilikuwa nimepiga magoti nabandika nilipoona kivuli. Mutiso. Kofia mkononi, aproni ya kazi bado kiunoni, bahasha ya kaki kwapani. Nikasimama. Gundi ilikuwa imenishika vidole.

"Nzioki."

"Mutiso."

Akatazama ubao. Akatazama chini.

"Nimesikia Jumatano," akasema. "Nikashindwa kuja. Nilimvunja mguu yule mbwa na sijawahi kusema pole. Si kwako, si kwake. Kila siku naona anavuka barabara anachechemea, nasema kesho nitaenda. Sasa amekwenda, na mimi nimebaki nalo."

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini nakiri, nilitaka kwanza amalize.

Hakumaliza. Muthokoi alikuwa uani kwenye jua. Haoni, lakini aproni ya bucha haihitaji macho. Akaja taratibu, akagonga meza, akazunguka, akamfikia Mutiso na kutumbukiza pua yote kwenye aproni.

Mutiso aliganda. Akashusha mkono polepole mpaka ukagusa kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye."

"Si alikufa?"

"Kavata ndiye aliyemuua. Mimi sikuhusika."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi la chuma. Alianza yeye kucheka, nami nikafuata, na hatukuweza kuacha. Dereva wa lori aliyesimama kununua maembe alikuja kuuliza kama tuko sawa. Tulipotulia, Mutiso alikishika kichwa cha Muthokoi kwa mikono miwili akamwambia pole kwa Kikamba, kwa heshima, kama mtu anayeongea na mama mzee wa ukoo. Muthokoi alimlamba kidevu. Yeye hakuwahi kuwa na kesi naye. Kesi ilikuwa yangu.

Ndipo akanipa bahasha. Alikuwa ameitunza vizuri, kati ya vipande viwili vya kadibodi.

Syokau na kitambaa chake cha njano. Kashika mtoto wa mbwa ndani ya aproni aliyoazima bucha, na mtoto huyo anatafuna kamba. Syokau kafungua mdomo wote anacheka, mwanya wa meno ya mbele unaonekana. Picha zake nilizo nazo nyumbani zote kasimama wima, amejipanga, mdomo umefungwa. Nilikuwa nimesahau ule mwanya. Mume mzima, nimesahau.

Nililia. Mutiso akageuka akaangalia barabara mpaka nikamaliza. Halafu akashika upande mmoja wa ubao, nikashika mwingine, tukaibandika katikati. Imekaa.

Jumapili, 15 Machi

Sina nguvu za kuandika mengi. Nimeshiba.

Mwende alikuja na keki ya maini na unga wa mahindi, na nyingine ya watu. Muthokoi alikula yake, kisha kona ya ile yetu. Soko lilikuja kama vile halijawahi kusikia habari ya kifo. Akina mama wa kwaya walikuwa na wimbo tayari, wakabadilisha maneno kidogo tu. Vijana wa bodaboda walipiga honi. Kavata alisimama mbele ya watu wote akaomba radhi kwa kumuua marehemu, na Mama Kanini akauliza kama sasa atarudishiwa sukari yake.

Kila mtu alijitafuta kwenye ubao. Aliyejiona alimvuta mwenzake. Kijana wa mahafali alijipiga picha akiwa kando ya picha yake.

Mutiso alichoma nyama. Paja la mbuzi, zima. Alikata kipande cha kwanza akampelekea Muthokoi mwenyewe, mbele ya kila mtu. Kisha Pasta akasema amina na watu wakaanza kula.

Mwende alipofika katikati ya ubao alisimama muda mrefu. Hakulia kama nilivyoogopa. Alitabasamu, na kumbe mwanya anao yeye pia. Nimemlea mtoto huyu na sikuwa nimeuona. "Mama alikuwa anacheka hivi?" akaniuliza. Nikamwambia, hivyo hasa, na kwa sauti.

Nina furaha. Naandika neno hilo kama lilivyo.

Jumanne, 17 Machi

Stima hakuna tangu asubuhi. Mvua ya kweli sasa, inapiga mabati. Hakuna kazi.

Lango la kanisa lilichukuliwa jana. Ubao uko ukutani, juu kidogo, moto wa kuchomelea usiufikie. Wateja wakiingia huusogelea kwanza kabla ya kusema shida yao. Muthokoi aliunusa nilipokuwa nautundika. Harufu ya gundi haikumpendeza. Akaondoka.

Mutiso amefunga bucha mapema kwa sababu ya mvua, akaja na chai kwenye chupa. Alivua viatu vilivyolowa, akanyoosha miguu. Muthokoi akainuka kwenye gunia lake, akapita karibu na goti langu bila kusimama, akaenda kulala juu ya miguu ya Mutiso.

Nimemimina chai.