Pole ya Kaunta

Baba Chiriku,

Nimekuacha umelala. Kuku nimemtoa kwenye friza, yuko kwenye sinki. Gesi inakaribia kwisha, msianze na maharage.

Asubuhi Chiriku kaniambia jana shuleni alisimama jukwaani akanitafuta kwa macho mpaka akasahau shairi lake. Mimi simu iko sikioni, tawi la stendi wameishiwa mafuta ya kukaangia chipsi. Nikamjibu: "Pole kwa usumbufu, malalamiko yako tumeyapokea." Vilevile ninavyowajibu wateja wa matawi yote manne, na tabasamu la kaunta juu.

Chiriku yule, kimya! Akaenda zake bila kuniaga. Nami sikusikia uchungu wala nini. Nimeosha kikombe chake, basi.

Jioni ~~mwambie namletea chipsi na soda~~ usimwambie kitu. Kazini mteja akilalamika tunampa chakula kingine bure, na hicho ndicho nilichotaka kumfanyia mwanangu. Mwombe tu asilale kabla sijarudi, anisomee hilo shairi. Simu nitaiacha kwenye gari.

Na kuku mgeuze, upande wa chini bado barafu.

~~Meneja wa Matawi~~
Mama Chiriku