Debe la Karanga za Mbegu

Nachingwea,
5 Novemba 1949

Mpendwa Mama,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi. Sijui hali yako wewe, na mguu wako, na kama mbuzi amezaa.

Mama, kambini hapa nakula peke yangu. Wenzangu wa hema, wakiongozwa na Augustino, yuleyule niliyepata naye kipaimara, wanatorosha mbegu za karanga kutoka ghalani tunakofanya kazi. Walitaka nilinde mlango wakati wanatoa magunia. Nikakataa. Kwa msimamizi sikuwasema, nilikataa tu. Tangu hapo wananiita Padri. Nikikaribia sinia wanaliinua, nikiingia hemani mazungumzo yanakatika. Jana Augustino kaniuliza kama bado unapenda karanga za kukaanga. Alikuwa anacheka, na kicheko kile sikukipenda.

Mwanao,
Kipriani

Mbekenyera,
27 Novemba 1949

Mwanangu Kipriani,

Milele, amina. Mguu bado unauma, mbuzi amezaa mapacha. Barua hii naiandika mwenyewe kwa hati yangu ya kuku, maana sitaki mwalimu wa dini aniandikie kisha ajue mambo yetu.

Jumaa dereva wa lori kaniletea debe la karanga, eti "kutoka kwa mwanao". Kipriani, unanifanya mjinga? Tangu lini mtu akapeleka karanga Mbekenyera? Huku panya wenyewe wamezikinai. Na hizi zina unga mwekundu, nikisogeza pua napiga chafya. Uliniandikia kwamba umekataa. Basi hizi ni za nani? Nakushuku, mwanangu, nakwambia wazi. Sijala hata punje. Jirani yetu Albina kaomba, nikamnyima, sasa kila akipita anasema kwa sauti kwamba wenye watoto Nachingwea wamekuwa wachoyo.

Nijibu kama unavyoungama.

Mama yako

Nachingwea,
6 Desemba 1949

Mama,

Salamu baadaye. Usile! Mbegu hizo zimechanganywa na dawa ya wadudu, hata sisi tunazishika tumejifunga vitambaa puani. Sikuzituma mimi, Mungu anajua. Nimemwuliza Augustino, akanijibu, "Mama yako akila, na wewe umekula." Anasema nikifika kwa msimamizi wataapa wote kwamba debe nilitoa mimi, na Jumaa atasema hivyohivyo, maana ndivyo alivyoambiwa.

Naogopa, Mama. Zifukie nyuma ya nyumba, tunyamaze. Nikifukuzwa kwa wizi, wazazi wa Lusiana hawatanipa binti yao.

Mwanao,
Kipriani

Mbekenyera,
11 Desemba 1949

Kipriani,

Nimechelewa kufukia. Albina aliingia ndani nikiwa shambani, akachota, akakaanga. Yuko zahanati ya misheni, anatapika na mikono inamtetemeka. Sista anataka jina la dawa hiyo ili ajue la kufanya. Mimi silijui. Najua msimamizi wako analijua, na najua hutaweza kumwuliza bila yeye kuuliza kwa nini.

Sikulazimishi. Ila Sista nimeshamwambia karanga zimetoka wapi.

Mama yako

Mbekenyera,
2 Januari 1950

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua zako zimekoma, basi naandika mimi. Jina la dawa lilifika na lori. Jumaa alinieleza na mengine: kwamba ulisimama mbele ya msimamizi ukasema yote, wenzako wakaapa kinyume chako, na aliyefukuzwa ni wewe. Sasa unalala kwa watu hapo Nachingwea, unaona haya kurudi.

Albina ameanza kunywa uji. Hanitazami usoni, lakini anakunywa. Wazazi wa Lusiana wapo kimya. Kanisani nikikaa, wenzangu wanasogea, benchi linabaki langu. Mama yake Augustino ananisalimu kwa utamu mno siku hizi, nami namwitikia huku namwangalia mikono.

Nisamehe, Kipriani. Wa kwanza kukushuku nilikuwa mimi niliyekuzaa, na inaniuma kuliko mguu.

Njoo nyumbani. Kwetu mama hali sinia moja na mwanawe mtu mzima, najua, na watasema. Nitaliweka barazani, mchana kweupe, kila apitaye alione. Tutakula wawili.

Mama yako,
Marietha