Mchungaji amwomba nguruwe

Clémence, acha unachofanya usome hii.

Unamjua Leodgar, mmishonari wetu wa Iringa aliyeletwa hapa Joburg kuwahubiria Wachina? Leo ibadani kule Braamfontein kaomba kwa Kichina mbele za watu, mara yake ya kwanza. Rosalia mkewe alimsihi, "Baba, soma kwenye karatasi." Akamjibu, "Roho hasomi karatasi."

Eish.

Kwa Kichina "Bwana" na "nguruwe" ni neno lilelile, ila sauti hupanda au kushuka tofauti. Yake ikakosea.

"Ee Nguruwe wetu uliye mbinguni!"

NGURUWE, Clémence! Mara sita! Na mikono kainua!

Rosalia, aliyesoma Kichina pamoja naye, aling'amua tangu mara ya kwanza, akamvuta koti. Mume akadhani mke kashukiwa na upako, akazidi kupaza.

Wachina wamejiuma midomo, mabega yanatetemeka. Rosalia anatamani ardhi immeze. Ndipo Mama Lin, yule wa duka la Newtown asiyecheka na mtu, akasimama na Kiingereza chake: "Mchungaji, nguruwe ameshasikia. Sasa mwambie na Mungu."

Wa kwanza kuangua kicheko ni Rosalia, mpaka kilemba kikadondoka.

Na Jumapili Wachina wanarudi. Wameahidi kuleta na wenzao, waje wamsikie Leodgar.