Vidonge Vitatu vya Futari

Mdogo wangu Shabani,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya nyumba yako, na barua hii ikukute umekaa, si umesimama nyuma ya meza ya duka lako la dawa, maana nataka uisome polepole. Mmeamkaje huko Mikindani? Kifua cha shangazi kimetulia? Mwanao wa mwisho ameota meno, au bado anakung'ata kwa ufizi kama ulivyonieleza? Sisi huku Msumbiji tu wazima, alhamdulillahi. Nikisema sisi, namaanisha Anli mume wangu, na mama yake Bi Awa, na kuku wa Bi Awa ambao siku hizi wanalala jikoni kama wapangaji. Mimi niweke kando kwanza, nitajifikia.

Utaona mwandiko wangu umeharibika. Wewe ndiye uliyekuwa ukijisifu chuoni kwamba dada yako Somoe ana mwandiko wa kuandikia hati za ndoa. Usidhani nimemwandikisha mtu. Ningeweza kukupigia simu, mtandao upo upo, lakini kwenye simu ulimi wangu una tabia ya kuomba bila kunitaka ruhusa. Kalamu inakwenda taratibu, naliona neno kabla halijafika.

Shabani, vile vidonge vya maumivu unavyonitumia ndani ya kopo la majani ya chai si vya mama mkwe. Bi Awa hajameza hata kimoja. Vyote nimemeza mimi.

Basi, nimekwisha kulisema, na paa halijaniangukia.

Unakumbuka nilianguka mwaka juzi, wiki chache kabla ya Ramadhani. Tulikuwa tukirudi kutoka shamba la Pundanhar, mimi nimekaa juu ya magunia ya muhogo mkavu kama bibi harusi, na mvua ilikuwa imeichimba barabara ile. Gari likainama, nikaenda chini pamoja na gunia. Nyonga ikapata ufa. Kijana wa afya aliyekuwa kituoni kwetu wakati ule, mgeni kutoka kusini ya nchi, akaniandikia tramadoli. Kwenye karatasi aliandika 8/8 horas, yaani kimoja kila baada ya saa nane. Alisema kwa Kireno, Anli akanitafsiria. Dawa ilikuwa ya haki, nilikuwa nikigeuka kitandani natokwa machozi. Simsingizii.

Lakini hakuniuliza kama nitafunga, nami sikumwambia. Kwake yeye mgonjwa ni mgonjwa. Nami, mwanamke niliyeolewa ugenini, nile mchana mbele ya wakwe zangu? Ruhusa ya mgonjwa naijua, tuliisoma mimi na wewe kwenye mkeka mmoja. Ila ruhusa siku zote huwa ni ya watu wengine, sivyo? Nikaamua kwa akili yangu nzuri kwamba vidonge ni vitatu kwa siku, mchana sili, basi nitavimeza vyote vitatu jua likizama. Tende, maji, vidonge vitatu, kisha uji. Nilijiona hodari. Sikupoteza saumu na sikupoteza dawa.

Nikueleze utamu wake, maana nisipokueleza utadhani dada yako ni mjinga tu. Ulikuja polepole, kuanzia magotini. Nikiwa kwenye tarawehe, nimeketi kwa sababu ya nyonga, sauti ya imamu ilitoka mbali, ikaja karibu, ikaingia kifuani mwangu ikakaa. Ukuta wa chokaa ulikuwa ukipumua. Nilisikia mchi wa marehemu mama ukitwanga ng'ambo ya Ruvuma, na harufu ya mchele mpya ikanifikia mpaka kwenye safu ya wanawake. Sikuwa na nyonga. Sikuwa na ile nyumba yetu iliyoungua wakati wa vita vya huku, wala miaka ile ya kulala kwa watu. Nililia kwa raha. Jirani yangu wa safu akanibana mkono, baadaye akawaambia wenzake, "Somoe ana moyo laini kwa Mola wake." Nami nikaamini, Shabani. Nilidhani ule ni utamu wa ibada.

Hilo linaniuma kuliko nyonga. Hata leo sijui katika sala za mwezi ule ni ipi iliyokuwa yangu.

Idi ikapita, nyonga ikaunga, na bado kila maghribi ilikuja na mate mdomoni. Nikaendelea na vitatu. Kisha vitatu vikawa havinifikishi popote, nikaongeza. Ule mchi wa mama ukaenda ukififia, nami nikaongeza ili niusikie, mpaka ikafika siku nikawa naongeza ili niweze kusimama tu na kuwasha moto. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka jana wote nimeuishi kama mtu anayetazama nje kupitia chandarua. Naona watu, naona bahari imelala nyeupe mchana kutwa, Anli anasema jambo, naitika, na neno lake linapita karibu na sikio langu na kwenda zake. Alinunua nguo ya Idi akaniuliza rangi. Nikasema nzuri. Aliniuliza ni rangi gani, Shabani, naye ameikunja nyuma ya mgongo.

Kituoni walipoanza kunipa kidogo, ndipo nilipokuandikia wewe. Nilijua ukisikia mama mkwe anaumwa mifupa hutauliza mara mbili. Na siku ile ulipouliza kwenye simu, "Dada, hivi vidonge vyote vinakwenda wapi?" nikakujia juu, nikakwambia umekuwa bahili tangu ufungue duka, nikakata. Nisamehe. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na ungeuliza tena ningekuchukia.

Sasa nije kwenye mwezi wa Rajabu uliopita. Maji yalikuwa yametoka sana, mimi na Bi Awa tukaenda mbali kuokota chaza. Kisiwa cha Rongui kilionekana kimeinuka juu ya maji, hakikugusa kitu. Mimi nikitembea nakitazama. Sheria ya huku unaijua, mtu huburuta nyayo mchangani ili samaki taa akusikie akimbie. Nikainua mguu kama natembea sebuleni. Taa akanichoma mwiba kwenye kifundo.

Maumivu yale sina neno lake. Bi Awa akanichovya mguu kwenye maji ya moto, kisha Anli akanibeba hadi kituoni. Siku hizi mhudumu wa afya ni Dona Celeste, yaani Bi Celeste, mwanamke wa Inhambane, anasema Kiswahili cha kuokoteza lakini kinafika. Akanichoma sindano anayomchoma kila mtu. Ikaingia mwilini kama maji. Wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona kwamba najifanya.

Dona Celeste akainama. "Dona Somoe, nimekupa dawa ya kulaza mwanamume. Nyumbani unakunywa nini?"

"Sinywi kitu."

"Fala a verdade, mama. Sema kweli. Nikiongeza, na wewe una nyingine ndani, pumzi yako inaweza kusimama hapa hapa. Nikiacha, utalia hivi mpaka kesho. Bila wewe kusema, mimi sijui njia."

Shabani, nilitaka kusema uongo. Mguu unawaka, na bado akili yangu inatafuta uongo utakaoniachia kopo langu la chai. Mama mkwe alikuwa amenishika kichwa, na leso yake ilinukia moshi. Ndipo nikaona kwamba nitakufa mikononi mwa mwanamke ambaye nimelitumia jina lake kuombea. Nikasema. Nikasema ninavyomeza kwa siku, na vinakotoka, na kwa jina la nani.

Dona Celeste hakunigombeza. Aliniongezea kidogo kidogo, akakaa kwenye kigoda ubavuni akihesabu pumzi zangu hadi alasiri. Maumivu yalipopungua akaleta daftari la dawa, akalifungua mbele yangu, akaweka kidole. "Huu mwandiko wangu. Na huu. Na huu. Kila ulipokuja niliandika, watu wamejaa mlangoni, sikukuuliza hata mara moja. Desculpa."

Sijapata kumsikia mtu wa serikali akiomba radhi, nikamwonea haya nikageukia ukutani.

Tulipofika nyumbani ndipo Bi Awa akasema, "Jina langu umelipeleka Mikindani mara ngapi? Mie mwenyewe sijafika hata mara moja." Akacheka, kisha akalia, kisha akaenda kuwafukuza kuku jikoni kwa makelele ambayo hawakustahili.

Nimelala nikiwaza lawama hii ni ya nani. Kuna karatasi ya yule kijana, daftari la Dona Celeste, kopo lako wewe, na hii mikono yangu. Kuna siku namtupia yule kijana yote, nasikia nafuu mpaka chakula cha mchana. Lakini aliyekunjua kiganja jua likizama ni mimi. Na wewe nakulaumu kidogo, Shabani, kwa kadiri dada anavyoruhusiwa. Unauza dawa. Mtu akija dukani na maneno laini na jina la mama yake, muulize. Akikasirika, muulize tena.

Sasa sikiliza tulivyopanga. Usiogope kwamba nimekatiwa ghafla. Dona Celeste asema mwili uliozoea ukinyimwa mara moja huasi, na mtu anaweza kuumia vibaya. Ninapunguza kwa kipimo chake. Dawa yote inakaa kwa Bi Awa, ameifunga kwenye pindo la leso pale anapofunga kila kitu chake cha thamani. Saa ikifika anafungua fundo, ananipa, anatazama koo langu mpaka limeze. "Bandu bandu huisha gogo," ananiambia kila siku, hata nimemwomba atafute methali nyingine. Kuna siku natetemeka, pua inatiririka, mifupa inawasha kwa ndani. Kuna siku naona vitu kwa ukali, hadi nyuzi za mkeka. Juzi Anli alisema jambo dogo kuhusu mlango nikalisikia lote, neno kwa neno, nikamwomba alirudie.

Na Ramadhani inakuja. Dona Celeste amesema saa za dawa zisiguswe. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa nikitumaini atakataa. Akaniambia, "Mama, wewe ni mgonjwa. Kula. Utalipa ukipona." Kwa hiyo mwaka huu, mdogo wangu, mchana wa saumu, watu midomo mikavu, Bi Awa aliyefunga atafungua fundo la leso yake, nami nitakunywa maji mbele yake. Nasikia haya hata nikiandika. Ila naona hiyo ndiyo saumu niliyoikwepa mwaka juzi.

Nisalimie shangazi aliyetulea, mwambie nasikia kikohozi chake huku. Nisalimie mkeo, mwambie asante kwa ubani, huo ulifika na nikautumia kwa kazi yake. Mjomba Hemedi aliyeniozesha, mwambie nyonga inanibeba, asiulize zaidi. Watoto wote nawabusu, na huyo wa meno mng'ate shavu kwa niaba yangu. Anli na Bi Awa wanakusalimuni. Bi Awa anasema kopo lijalo liwe na majani ya chai matupu, maana chai yenyewe anaipenda.

Jambo la mwisho. Barua hii nimeiandika asubuhi nzima, kabla fundo halijafunguliwa, ndiyo maana herufi zinakimbiana. Ningengoja nimeze, nikae kidogo, ningekuandikia kwa mwandiko ule wa hati za ndoa. Sikutaka. Najijua, Shabani. Inaweza kukufikia barua nyingine kutoka kwangu, imeandikwa vizuri, salamu zimejaa, inasema nyonga imerudi, au Bi Awa yu hoi, inamtaja na mama. Isome, ikunje, usitume kitu. Uililie ukitaka, lakini usitume.

Dada yako ni huyu mwenye mwandiko mbaya.

Somoe