Kinu cha Nyuklia na Ahadi ya Baba

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Injinia,

Hujambo huko uliko? Wifi na mapacha hawajambo? Sisi wazima, ila mama na magoti yake, na mimi na kichwa. Kichwa kinaniuma kwa ajili yako. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Umeme ulikatika Jumatatu ukarudi Alhamisi. Sare arobaini za shule zimelala mezani, nusu hazina mikono. Kwa hiyo usinihubirie kwamba dunia ina njaa ya umeme. Naijua hiyo njaa kuliko wewe.

Sasa sikia. Wanataka kujenga kinu cha nyuklia nyuma ya machimbo ya kokoto, na baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Ile barua yako ya kurasa sita anatembea nayo mfukoni. Eti hakitoi moshi, eti kinafanya kazi usiku na mchana, jua liwake lisiwake. Jamani, anaisoma mpaka msibani!

Mkutanoni muuza mkaa akasimama akamuuliza, kama ni salama, mwanao anakaa wapi? Baba, bila hata kumeza mate, akajibu kwamba unarudi na familia, unajenga kwenye kiwanja chetu, nyumba ya kwanza kutoka kwenye ua wa kinu. Watu wakapiga makofi. Lo! Nani alimtuma?

Tangu juzi anachimba msingi kwa mkono wake, mzee wa miaka sabini na miwili. Nikimwambia apumzike, ananijibu kwamba mwanawe hasemi uongo.

Hicho kinu mimi nakitaka, nakuapia. Lakini wifi aliniambia kwamba mlihama, mkaenda kukaa mwendo wa saa mbili kutoka kwenye kinu unakofanya kazi, kwa kuwa karibu nacho alikuwa hapati usingizi. Baba hajui. Nimenyamaza, na mdomo wangu unaujua.

Kura ya kukikubali au kukikataa kinu ni mwisho wa mwezi, na watu watapiga kwa kukuamini wewe. Sitaki kurasa sita. Nijibu mstari mmoja: wanao ungewalaza hapo? Kama ni hofu ya wifi tu, sema. Kama ni yako pia, mwambie baba mwenyewe, maana mimi siwezi, nimechoka.

Mama na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akupe moyo wa kusema kweli. Baba naye anakusalimu, na anauliza dirisha la mapacha alielekeze upande gani.

Akupendaye hata akinuna,
Dada yako