Cherehani Kambini

Mdogo wangu,

Huku tumemaliza kumwaga zege la ghorofa ya tatu. Mgongo unaniuma, lakini mimi mzima.

Picha uliyonitumia nimeipata. Hema juu ya kigari chako limewachekesha wenzangu: "Kobe kabeba nyumba!" Unasema umempeleka mama kambini kupunga upepo. Sawa. Lakini kwa magoti yale, anapandaje ngazi ya hema? Na nani huenda kupunga upepo na cherehani, godoro na mapazia ya sebuleni, kama ninavyoviona pichani?

Nyumba niliyomjengea mama ipo, au umeiuza? Usinizungushe. Jumapili nitapiga simu. Mama aipokee akiwa nyumbani, afungue mlango wa mbele, niusikie unavyolia.

Kaka yako,
bado nina saruji kuchani.